Upande wa Pili wa Santuri: Shabiki na Mwanamuziki Wake Mtaani Jericho

Mapenzi ya shabiki kwa mwanamuziki ni mapenzi ya upande mmoja. Sauti ya mwimbaji huingia nyumbani kwa watu bila kubisha hodi, ikaketi nao wakati wa chakula cha jioni, ikawafariji msibani na kuwachezesha harusini, ilhali mwenye sauti hiyo hana habari nao kabisa. Mtu anaweza kumpenda mwanamuziki kwa miaka thelathini, akajua kila pumzi iliyomo katika wimbo wake, na wawili hao wakazeeka bila kuamkiana. Aghalabu mambo huishia hapo. Pengine ni heri yaishie hapo, kwani wako mashabiki waliokutana na wapendwa wao wakarudi makwao wamenuna.

Mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, hata hivyo, ina desturi yake. Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo, Bahati, Maringo, Jericho na Jerusalem ni mitaa iliyokaribiana kama vyumba vya nyumba moja. Mingi kati ya mitaa hiyo ya kale ilijengwa na serikali ya jiji au Shirika la Reli kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, nyumba zake zikapangwa safu kwa safu, mlango ukitazamana na mlango. Baadhi ya majina yake ni kumbukumbu za watu: Ofafa na Mbotela yanatokana na Ambrose Ofafa na Tom Mbotela, viongozi waliouawa wakati wa Hali ya Hatari mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kumbi za kijamii kama ule wa Kaloleni zilikuwa mahali pa mikutano ya siasa mchana na mahali pa dansi usiku. Katika mazingira kama hayo mwanamuziki si nyota ya mbali. Ni mtu wa kukutana naye sokoni akichagua nyanya, au kituoni akingoja matatu kama wengine.

Vijana wa Dandora waliyashuhudia hayo katika miaka ya 1990. Kundi la Kalamashaka lilipovuma kwa wimbo "Tafsiri Hii", likiimba kwa Kiswahili na Sheng wakati wengi walidhani kwamba rapu ni mali ya Kiingereza, mashabiki wake wa kwanza walikuwa majirani. Vijana walibarizi na wasanii hao, wakasikiliza, wakajaribu mistari yao wenyewe mbele yao, na baadhi yao wakawa wasanii kamili. Kutokana na ukaribu huo, na kwa kuungana na wenzao wa Mombasa, likazuka kundi kubwa la Ukoo Flani Mau Mau, lililotoa albamu ya "Kilio cha Haki" mwaka 2004. Kwa Dandora, basi, umbali baina ya shabiki na msanii ulikuwa upana wa kichochoro.

Kisa kinachosimuliwa hapa ni cha kizazi kilichotangulia. Kinamhusu mwalimu mmoja wa Kiswahili wa shule ya upili, mzaliwa wa Maringo. Utoto wake ulipita miaka ya 1970, redio ya baba yake ikiwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na Sauti ya Kenya ikitangaza. Ilikuwa enzi ya bendi za Kiswahili zilizojaa wageni waliogeuka wenyeji. Ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga walikuwa wamelijenga jina la Simba Wanyika. Super Mazembe walikuwa wametoka Kongo. Mwaka 1978 Les Wanyika wakajitenga na Simba Wanyika, na muda si muda "Sina Makosa" ikawa kinywani mwa kila mtu. Mwalimu aliwapenda wote hao, lakini moyo wake ulikuwa kwa bendi ndogo zaidi, na ndani ya bendi hiyo haukuwa kwa mwimbaji bali kwa mpiga gitaa la besi. Alipoanza kupata mshahara alinunua santuri zote za bendi hiyo alizoziona River Road na kwa wachuuzi wa vitu vilivyotumika. Karatasi ya santuri ilikuwa na jina la bendi, jina la wimbo na jina la mtunzi. Jina la mpiga besi halikuwamo.

Nyimbo za wakati huo zilikuwa ndefu kuliko nafasi ya upande mmoja wa santuri ndogo, kwa hivyo zilikatwa mara mbili. Upande wa kwanza ulibeba maneno, yaani kisa chenyewe: mapenzi, deni, safari, usaliti. Upande wa pili ulibeba chemko, ambapo mwendo huongezeka, mwimbaji akapumzika na magitaa yakaachiwa uwanja. Watu wengi walinunua santuri kwa ajili ya upande wa kwanza. Mwalimu alizinunua kwa ajili ya upande wa pili, kwa sababu hapo ndipo besi ilipozungumza.

Kilichomsukuma kumtafuta mwenye besi hiyo ni vifo. Fundi Konde, aliyerudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia akawa miongoni mwa waasisi wa muziki wa gitaa nchini, alifariki Juni 2000. Fadhili William, ambaye jina lake haliwezi kutenganishwa na "Malaika", akafuata Februari 2001. Novemba mwaka huo huo akaondoka Daudi Kabaka, mfalme wa twisti, ambaye "Helule Helule" yake ilivuka bahari hadi ikarekodiwa na kundi la The Tremeloes la Uingereza. Nguzo tatu ziling'oka katika muda wa miezi kumi na saba hivi. Baada ya kila msiba magazeti yalichapisha sifa tele, na baada ya kila msiba mwalimu alijiuliza ni nani aliyewahi kuketi na marehemu na kumsikiliza alipokuwa hai.

Fundi wa redio katika soko la Jericho ndiye aliyemfungulia njia. Kumbe yule mzee mwembamba aliyepita hapo kila asubuhi na gazeti kwapani ndiye mpiga besi mwenyewe. Mwalimu alikuwa amefundisha kwa miaka kumi mahali pasipozidi mwendo wa robo saa kutoka mlangoni pake.

Januari 2002 alikwenda kubisha hodi. Alibeba kilo mbili za sukari na majani ya chai, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, na ndani ya mkoba alikuwa na daftari lenye maswali arubaini na moja. Aliamkia "Shikamoo, Mzee", akajibiwa "Marahaba" kwa lafudhi ya Pwani ambayo miaka mingi ya Nairobi haikuifuta. Chai ikaletwa. Mwalimu akafungua daftari. Wimbo fulani ulirekodiwa mwaka gani? "Zamani, Mwalimu." Nani alipiga gitaa la pili? "Alikuwapo kijana mmoja." Wimbo ule ulitungiwa mwanamke gani? Mzee alicheka, akaongeza sukari. Alipofika swali la kumi na mbili, mwenyeji alimuuliza lake moja: "Mwalimu, umekuja kwangu au umekuja kwa wimbo?"

Swali hilo ndilo kiini cha uhusiano wote wa shabiki na msanii. Shabiki huja akiwa amejaa. Ana miaka thelathini ya kumbukumbu, ana mahali alipokuwa wimbo ulipotoka, ana msichana aliyecheza naye. Anataka msanii aje aketi katika kiti ambacho amekwisha kumwekea. Msanii naye anamwona mgeni anayejua jina la mtu aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na sita, asiyejua lolote juu ya mzee wa miaka sitini na minne mwenye magoti mabovu. Wageni wa namna hiyo walikuwa wamewahi kuja kwa mzee huyu. Walipiga picha, wakauliza wimbo ule ule, wakaahidi kurudi.

Mwalimu alirudi, na daftari akaliacha nyumbani. Ikawa desturi yake kupitia Jericho Jumamosi alasiri. Walicheza drafti kwa vizibo vya soda chini ya mti pamoja na wastaafu wengine, na mwalimu alishindwa kwa muda wa miezi mingi. Alimsomea mzee barua za ofisini zilizoandikwa kwa herufi ndogo. Mkewe mzee alipolazwa hospitalini, mwalimu alikuwa miongoni mwa waliozungusha karatasi ya mchango. Muziki haukutajwa kwa muda wa nusu mwaka. Ulipotajwa, aliyeutaja ni mzee.

Ilibainika kwamba hakuwa na santuri hata moja ya kazi zake. Nyingine ziliazimwa zisirudi, nyingine zilivunjika katika kuhama, na gitaa lenyewe liliuzwa ili kulipa karo. Mwalimu alizinakili santuri zake zote katika kaseti tatu, akazipeleka. Mzee alitaka upande wa pili upigwe kwanza. Besi ilipoingia, vidole vya mkono wake wa kushoto vilianza kutembea juu ya paja. Kisha kila chombo kilipojiunga alisema taratibu: "Huyu amekufa. Huyu pia. Huyu yuko Tanga, kama yu hai. Huyu amekufa." Mwalimu, aliyeusikia wimbo huo mara mia kadhaa kama furaha tupu, aliusikia siku hiyo kama orodha ya majina.

Tangu siku hiyo mazungumzo yalitiririka, na mzee alieleza yale ambayo maswali arubaini na moja yasingeyafikia. Alieleza jinsi Kiswahili cha wimbo kilivyopikwa. Bendi ilikuwa na Mtaita, Mjaluo, Watanzania wawili na Mkongo mmoja aliyelelewa Shaba, kila mmoja na Kiswahili chake. Mtu alikuja na mstari, wenzake wakaupima. Watanzania walisahihisha upatanisho wa kisarufi. Mkongo alileta maneno matamu ambayo Nairobi isingeyaelewa, yakabadilishwa, lakini mahadhi yake yakabakizwa. Wakati mwingine neno sahihi lilikataliwa kwa sababu lilikuwa na silabi moja zaidi, na neno la mtaani likapewa nafasi. Silabi ya mwisho ilivutwa pale ambapo besi ilihitaji muda wa kushuka. Kwa maneno mengine, kando ya wataalamu walioketi kusanifisha na kuhakiki, palikuwa na kamati nyingine ya lugha iliyokutana katika chumba cha mazoezi chenye joto, na maamuzi yake yaliingia katika vinywa vya mamilioni.

Alieleza pia habari za pesa. Wapigaji walilipwa malipo ya papo kwa papo siku ya kurekodi, wakatia sahihi, wakaenda zao. Mirabaha, pale ilipokuwapo, ilifuata jina lililoandikwa kwenye karatasi ya santuri. Kenya ilipopata Sheria mpya ya Hakimiliki mwaka 2001, wengi wa wapigaji hao walikuwa wazee au marehemu, na vipande vyao vya karatasi vilikuwa vimeliwa na mchwa. Mzee aliyasimulia haya bila kulalamika. "Tulikuwa vijana, Mwalimu. Tulidhani nyimbo haziishi."

Mazungumzo hayo hayakuwa ya upande mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2002, wakati wa kampeni za uchaguzi, "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji ilipopasua anga kutoka kila matatu, mwalimu alitarajia mzee aulaani muziki wa vijana kama walivyofanya wenzake wengi. Mzee badala yake alitaka kufasiriwa. Neno hili la Sheng maana yake nini? Limetoka wapi? Aliomba kaseti ya Kalamashaka, akaisikiliza hadi mwisho, akasema kwamba vijana hao wanayapiga maneno kama ngoma, na kwamba besi yao ingefaa kuongezwa. Hivyo shabiki naye akawa mwalimu wa msanii wake, na urafiki ukasimama kwa miguu miwili.

Ndipo siku moja mzee akatoa siri. Ule wimbo mashuhuri wa bendi yao, ulioandikwa jina la mtunzi mmoja, haukutungwa na huyo. Maneno ya ubeti wa kwanza na mahadhi ya kiitikio yalikuwa ya mpiga besi. Aliyepeleka fomu kwa mtayarishaji aliandika jina lake, na wakati huo hakuna aliyejali. Baadaye wimbo ukakua, na kosa nalo likakua pamoja nao.

Kwa mpenzi wa fasihi hilo ni jambo zito. Historia ya muziki wa Afrika Mashariki ina mfano wake mashuhuri. "Malaika" umeimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte, Boney M. na Angélique Kidjo, na Fadhili William aliurekodi na Jambo Boys. Hata hivyo, utunzi wake umebishaniwa kwa miongo mingi, majina ya Grant Charo wa Kenya na Adam Salim wa Tanzania yakitajwa na wanaowaunga mkono. Kila upande una mashahidi, na mashahidi wengi wamekwisha kufa. Mwalimu alijua kwamba alikuwa ameshika mkononi ushahidi wa namna hiyo hiyo, na kwamba shahidi alikuwa hai, ana akili timamu, ameketi mbele yake akichovya mkate katika chai. Alikwisha anza kichwani kuandika makala.

Mzee alimkataza. Mwenye jina lile alikuwa amekufa, lakini mjane wake alikuwa hai huko kwao. Pesa za wimbo zilikuwa zimekwisha kitambo. Kilichobaki kwa mjane ni heshima. Kanisani, katika vikao vya ukoo na kwa wajukuu, yeye ni mke wa mtunzi wa wimbo ule. "Nikimnyang'anya hilo nitalifanyia nini?" mzee aliuliza. "Mimi najua. Sasa na wewe unajua. Yanatosha."

Hapo ndipo shabiki na rafiki waliachana ndani ya mtu mmoja. Shabiki alitaka haki ya msanii wake itangazwe juu ya paa. Mtafiti ndani yake alisema kwamba ukweli ni mali ya umma. Rafiki alikumbuka kwamba hakuambiwa jambo hilo kama mtafiti. Aliambiwa kwa sababu ya Jumamosi nyingi za drafti na barua za herufi ndogo. Lau angekuja na daftari lake asingeambiwa. Kulitumia lilopatikana kwa urafiki kana kwamba limepatikana kwa mahojiano ni kuvunja mlango uliofunguliwa kwa hiari.

Mwalimu hakuandika. Mzee alifariki mwaka 2011. Wiki ya msiba stesheni moja ya redio iliupiga wimbo ule kwa heshima yake, ikamtaja kama mmoja wa wapigaji, kisha mtangazaji akasoma jina la mtunzi kama lilivyoandikwa kwenye santuri. Mwalimu alikuwa na simu mkononi. Hakupiga. Ndiyo maana makala haya hayataji jina la mzee, la bendi, wala la wimbo, na msomaji anaombwa asiyatafute.

Yako mengine ambayo si siri, na hayo yanawahusu wanaosoma Kiswahili vyuoni. Nyimbo za bendi huhakikiwa darasani kama matini yatima: tashbihi huhesabiwa, dhamira huorodheshwa, na mtunzi huchukuliwa kuwa mtu wa mbali asiyeweza kuulizwa. Mpiga gitaa Mwingereza John Low, mwishoni mwa miaka ya 1970, alifunga safari hadi Shaba kumtafuta Mwenda Jean Bosco, aliyeimba kwa Kiswahili cha huko na ambaye gitaa lake liliathiri wapigaji wa Kenya. Alikwenda kama mwanafunzi, na gitaa lake, akaketi ajifunze. Mwanafunzi wa Nairobi hahitaji safari ya namna hiyo. Baadhi ya waliozijenga nyimbo anazozihakiki, au wajane na watoto wao, wako umbali wa nauli moja ya matatu.

Aendaye aende na sukari, wala si daftari peke yake. Ajiandae kushindwa drafti. Ajiandae pia kupewa jambo asiloweza kuliandika, kwa maana si kila kinachojulikana ni cha kuchapishwa, na thamani ya mazungumzo haipimwi kwa kurasa zilizotoka humo. Mwalimu bado anazo kaseti tatu na santuri zake. Katika wimbo ule mashuhuri hausikilizi tena upande wa pili peke yake. Huanza na upande wa kwanza, ubeti wa kwanza, ambao sasa anajua ni wa nani, na wanafunzi wake wanapouliza mtunzi ni nani, huwasomea jina lililoandikwa kwenye karatasi, akanyamaza, kisha akawaomba waisikilize besi.